Upepo wa Thelathini na Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Turubai limeondolewa leo, baada ya miaka miwili na siku kumi na moja. Gari ni zima: viti viwili, boneti ndefu, wekundu wa matofali mapya. Ni gari la mke wangu, si langu. Husema alilinunua kwa meno ya watu, na kwa kuwa ni daktari wa meno, hakuna wa kumbishia. Matairi ndiyo yaliyokufa: mpira umekauka, ubavu una nyufa.

Jana wakati wa chai alisema, bila kuniangalia, kwamba mnunuzi anakuja kuliona Jumapili ya tarehe 16, saa kumi jioni. Kisha akaongeza kwamba hangeliuza kama angepata matairi ambayo hayatamtupa kwenye maji. Sijui kama hiyo ni ahadi au ni njia ya heshima ya kunyamazisha jambo. Nimeichukua kuwa ahadi. Nina siku kumi na tatu.

Niandike kisa chenyewe mara moja, nisilazimike kukirudia. Kona ya mlimani, yeye akiendesha, mvua ya ghafla, nyuma ya gari ikateleza. Tulizunguka mara mbili tukatua mtaroni. Yeye aliteguka kifundo cha mkono. Mimi nilipoteza meno mawili, ambayo aliyarudisha mwenyewe wiki iliyofuata, bila ganzi ya kutosha. Jioni ile alisema ilikuwa mikono yake. Amelisema tena mara nyingi tangu hapo, kwa sauti ya mtu anayetaja umri wake. Hajashika usukani wa gari lolote.

Jumatano, 5 Machi

Kwa fundi matairi. Banda lake limepangwa vizuri kuliko maktaba ya chuo chetu. Matairi yamesimama kwa ukubwa, hakuna lililolazwa. Nimemweleza nitakacho: seti mbili za aina ya juu, kipimo kimoja, nizilinganishe kabla ya kuchagua. Akaniuliza kama nafunga matairi au naoa. Hata hivyo ameniazima seti ya pili, kwa sharti kwamba atakuwapo mwenyewe na mashine yake ya kubadilishia.

Seti ya kwanza ni laini, pana, mifereji michache. Mpira wake unanata kidoleni. Ya pili ina mifereji mirefu inayokutana katikati kama miiba ya samaki. Mimi niliziandika A na B. Yeye tayari alikuwa ameziita Bwana Harusi na Mkulima. Nimepinga kwa dakika moja. Majina yake ni bora.

Jumamosi, 8 Machi

Siku njema sana! Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni mwalimu wa udereva, na ametuachia uwanja wake wa mafunzo tangu asubuhi. Alinikataza kabisa kuendesha. Alisema amewahi kumfundisha bibi kizee mwenye mtoto wa jicho, lakini mtu anayesimama njia panda kuhesabu magari hamuwezi. Basi yeye aliendesha, mimi nikapima. Ndiyo kazi yangu: miaka ishirini na sita nafundisha upimaji wa ardhi, na utepe wa chuma naujua kama wengine wanavyoujua mkeka wao.

Kilomita themanini kwa saa, breki hadi kusimama. Mara tano kwenye lami kavu, mara tano kwenye lami iliyomwagiwa maji. Wastani:

Bwana Harusi: kavu mita 26.4, maji mita 36.9.
Mkulima: kavu mita 27.8, maji mita 33.1.

Karibu mita nne kwenye maji. Urefu wa gari zima! Mkulima pia hupiga kelele kidogo anapokata kona, na usukani wake huchelewa kuitika. Shemeji anasema ni kama kuita mtu aliye bafuni. Lakini hatuchagui wimbo. Tunachagua breki.

Nimerudi nyumbani nimelowa hadi magotini, nikipiga mluzi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwonyesha jedwali. Alilisoma kama asomavyo picha ya taya, akilielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza nani aliendesha. Nikamjibu. Akasema kaka mtu ana mikono mizuri, akarudisha karatasi.

Jumanne, 11 Machi

Kasoro. Nimeiona darasani, katikati ya somo, chaki ikiwa mkononi. Bwana Harusi alipimwa saa mbili asubuhi, lami ikiwa baridi. Mkulima alipimwa karibu saa sita. Mpira laini huhitaji joto ili ushike. Nilimpima mmoja akiwa usingizini na mwenzake akiwa macho. Jedwali lile si ushahidi. Ni uvumi wenye desimali.

Nimewapigia simu wote wawili. Fundi alicheka. Shemeji hakucheka, maana Alhamisi ana wanafunzi sita, lakini amekubali.

Alhamisi, 13 Machi

Tumerudia. Safari hii seti zilipishana kila baada ya mizunguko miwili, ili jua lisimpendelee yeyote. Fundi alitokwa na jasho, na alinipa jina ambalo sitaliandika. Matokeo kwenye maji: Bwana Harusi mita 35.2, Mkulima mita 33.4. Tofauti imepungua kwa nusu, lakini Mkulima bado yuko mbele, na sasa yuko mbele kwa haki. Nimeridhika.

Nilipaswa kuishia hapo.

Baada ya mzunguko wa mwisho nilipima upepo wa matairi ya nyuma. Geji ilisoma 38. Kiwanda kinataka 33. Nikainama kuupunguza, kama ambavyo mtu yeyote makini angefanya. Fundi akanishika mkono. Akanishika kweli, kwa vidole vyake vyeusi, na hakucheka.

"Mwalimu, upepo hautolewi tairi likiwa la moto. Hiyo thelathini na tatu ni ya asubuhi, kabla gari halijatoka. Ukiutoa sasa, likipoa litakuwa limelegea, na hapo ukutane na mvua."

Nikamwambia ni kweli. Nikakusanya utepe wangu. Shemeji aliuliza mbona nimenyamaza, nikamwambia ni jua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelitoa daftari la mwaka ule kabatini. Ukurasa wa siku ya ajali, kwa mwandiko wangu mwenyewe:

"Saa nane mchana. Tumesimama kituo cha mafuta baada ya saa moja na nusu ya barabara kuu. Upepo wa nyuma 38! Nimeushusha. 33 kamili, pande zote."

Neno "kamili" nimelipigia mstari mara mbili.

Mvua ilianza saa tisa. Kona ilikuwa saa tisa na nusu. Kwa hesabu yangu, maji yalipoyapoza, matairi yale yalibaki na 28, pengine chini ya hapo. Siwezi kuthibitisha kwamba hicho ndicho kisa pekee. Nimetafuta hoja za kujitetea. Zipo tatu. Nimeziandika kwenye karatasi, nikazisoma, nikazikata moja moja.

Maisha yangu yote nasahihisha utepe wa chuma kwa joto la siku. Chuma hurefuka juani. Ni somo la wiki ya kwanza, mwanafunzi akilisahau namfelisha. Kwa chuma nilikumbuka kila siku. Kwa upepo, nilisahau siku moja tu.

Kesho nitamwambia. Kabla ya mnunuzi.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimfuata kliniki saa saba, mgonjwa wa mwisho alipotoka. Alikuwa akipanga vifaa kwenye trei, kwa ukubwa. Hakuna pa kukaa mle ndani ila kiti cha wagonjwa, basi nikakikalia, miguu ikaning'inia, daftari kifuani. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya mpangilio. Nikampa daftari tu.

Alisoma akiwa bado na glavu. Alisoma tena. Nikamweleza habari ya joto na baridi kwa sentensi tatu. Hakuhitaji ya nne.

"Umejua lini?"

"Alhamisi mchana."

"Leo Jumamosi."

"Ndiyo."

Akaliweka daftari kwenye trei, kando ya koleo, kana kwamba nalo linahitaji kuchemshwa. Kisha akasema, pole pole:

"Miaka miwili, baba watoto, kila nikiingiza mikono hii kinywani mwa mtu, naiangalia kwanza."

Nilisema samahani, na neno lilitoka dogo kuliko nilivyokusudia. Akavua glavu, akazima taa ya kiti nikiwa bado nimekikalia, akatoka. Alirudi nyumbani kwa miguu. Nilimfuata nyuma kwa hatua kama ishirini, kwa kuwa sikujua ni umbali gani unaofaa.

Jioni alipika kama kawaida, akanipakulia kama kawaida, hakunisemesha. Kisha nikamsikia chumbani akiongea na kaka yake kwa simu. Halafu kicheko, kile cha zamani kinachoanzia tumboni, na "thelathini na tatu kamili!" mara tatu, kila mara kwa sauti yangu. Ananiigiza vizuri mno. Nimekaa sebuleni nikachekwa kupitia ukuta, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi kiasi kile.

Jumapili, 16 Machi

Saa moja asubuhi. Mawingu mazito upande wa mlima. Mkulima amefungwa tangu jana. Naandikia ndani ya gari, kiti cha abiria, maana ndipo nilipoambiwa nikae. Niliambiwa pia nisiguse kitu.

Hajamzuia mnunuzi, wala hajamthibitishia. Nilimuuliza wakati wa chai. Akasema saa kumi bado ni mbali.

Yuko nje, amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali. Geji ameichukua mezani kwangu bila kuomba. Anapima matairi yakiwa baridi, jua halijayafikia. Anapima, anasimama, anaandika kitu kwenye kiganja kwa kalamu, anahamia jingine. Nilishusha kioo nimwambie namna ya kuishika geji wima. Aliniangalia. Nikapandisha kioo.

Amemaliza la nne. Anarudi la kwanza, analipima upya. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Tone kwenye kioo cha mbele. La pili.

Ameingia. Anasogeza kiti mbele, anarekebisha vioo, kiganja kimeelekezwa upande wake nisione nambari. Ningependa sana kuzijua. Sijauliza. Injini imeitika mara ya pili, na mvua sasa ni mvua kweli. Anasema nifunge mkanda, na kwamba tutapita njia ya mlimani, kona ile ile, na kwamba nikitamka kasi hata mara moja atanishusha hapo hapo. Nafunga mkanda.