Keki Ambayo Mama Hakuikataa

Ruiru, Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu mweupe pe!

Kwa hivyo hakuikataa! Wiki mbili nimekulilia, shajara yangu, kwamba mama mkwe hanipendi, na leo nimeona kwa macho yangu aliila keki yangu yote.

Ile kanda ya harusi yetu ilipigwa na wanafunzi wa Kamau wangu, wale wa chama chake cha video, kwa kamera ya shule. Ndani yake nimepiga magoti, namlisha Mama keki, na papo hapo anakunja uso na kugeuka. Shangazi zangu waliitazama wakaguna. Nami nikaamini. Mama alipotutembelea, nilimwekea chai mezani nikajifungia jikoni mpaka aliporudi Thika.

Naona haya hata kuandika.

Leo Kamau (jamani, lile shati la samawati linavyompendeza!) amekuja na kanda ya kwanza, ambayo haijakatwa. Amekuja pia na Wanjiku wa kidato cha tatu, aliyeziunganisha picha. Tumetazama wote watatu. Mama anatafuna, anacheka, ananipangusa shavu! Ule uso uliokunjamana ni wa asubuhi ya harusi, moshi wa jikoni ulipomwingia machoni.

"Sasa mbona uliuweka hapo?" nikamuuliza Wanjiku.

"Hapo palikuwa pamepoa sana, Madam. Nilitaka watu wasisinzie."

"Wewe si ndiye hukosoa matangazo ya sabuni darasani?" Kamau akamtania. "Haya, leo umetuuzia nini?"

Wanjiku akacheka, halafu akaahidi kuirekebisha kanda. Ataunganisha upya, na Ijumaa ataonyesha kanda zote mbili mbele ya wenzake, aeleze alichofanya. Nimekubali, ingawa ni harusi yangu.

Kila picha, Kamau huwafundisha waulize: kabla ya hapa kulikuwa na nini? Namsikia akilirudia swali hilo hata akinyoa ndevu. Na mimi mkewe sikuuliza!

Kanda mpya itamsafisha Mama mbele ya shangazi zangu. Lakini ile chai aliyoinywa peke yake ni kosa langu, si la Wanjiku.

Nimeamua. Nitaoka keki kwa sufuria, makaa juu ya kifuniko, niibebe mwenyewe hadi Thika. Nitapiga magoti tena, bila kamera.

Mama, kabla mwezi huu haujaisha, utaniona mlangoni pako.