Freitag Baada ya Adhana

Baba, shikamoo.

Leo ni Mittwoch. Naanza na hilo kwa sababu wewe ungeniuliza, na tangu uondoke hakuna anayeniuliza. Jumatano, katikati ya wiki ya Wajerumani. Nilipokuwa mdogo nilikubishia kwamba wiki inaanza Jumamosi, kwa hiyo Jumatano ni siku ya tano, na hao Wajerumani wako hawajui hesabu. Ulicheka mpaka ukaangusha mkasi wa kukatia nguo, dukani, mbele ya wateja.

Sina raha, baba. Kesho asubuhi mama ameniita nyumbani, na ami Athumani atakuwepo. Wanataka niseme uliaga dunia na neno gani mdomoni.

Nikueleze, maana haya yamezuka wewe ukiwa umeshatutoka. Jioni ile ami ndiye aliyekaa upande wa kichwa chako, akikutamkia shahada ili uifuate. Mama alikuwa uani anatia udhu. Mimi nilikuwa upande wa ukutani nimekushika mkono. Ami anasema shahada hukuifuata. Anasema ulitamka neno la Kijerumani, ukanyamaza, ukafa. Alimwambia mkewe tu, lakini mkewe unamjua, na matanga hayajaisha maneno yakawa yamefika bombani. Siku hizi wanawake wa Ngamiani wanakuja kukaa na mama katika eda yake, wanampa pole, halafu wanaangaliana. Mama hali chakula. Ami naye kagoma kuitisha khitma ya arobaini mpaka ajue ukweli. Nilimkasirikia mno. Kisha juzi nikamkuta amekaa peke yake kwenye kibaraza chako, macho mekundu, nikatambua kwamba anakuogopea wewe.

Neno lenyewe nalijua. Ulisema "Freitag". Ijumaa.

Shule ya Wajerumani ilikutia siku hizo kichwani kwa kiboko, na wewe ukanitia mimi kwa kashata. Sonntag, Montag, Dienstag. Nikiipata siku, napata kashata. Donnerstag ilinikaba koo, ukaninyima, nikanuna, ukamega yako tukagawana. Sonnabend uliipenda kuliko zote. Ulisema ndiyo Jumamosi, lakini wao wanaiita jioni ya Jumapili, na kwamba hapo tu Mjerumani aliona kama tunavyoona sisi, kuwa jua likizama siku mpya imeshaingia. "Kwingine kote wanangoja saa sita ya usiku," ulikuwa ukisema. "Siku inaingia watu wamelala, hakuna wa kuipokea."

Kiharusi kilipokupiga, upande wa kulia ukafa na ulimi ukawa mzito, tukarudi shuleni mimi na wewe. Kila alasiri nilikuuliza, "Leo nini, baba?" Ulihesabu kwa vidole vya kushoto, polepole, mpaka ukaifikia. Ulisema unataka kujua kama kichwa bado kipo. Na nikikosea mimi, uliniinulia kidole cha shahada kama zamani, nisikilize.

Alhamisi ile ya mwisho uliniambia Donnerstag, sawasawa kabisa. Baadaye ikaadhiniwa magharibi, ami akaanza kukutamkia, nawe ukasema, "Freitag." Nikadhani umepotea. Nikatikisa kichwa. Basi kidole chako cha shahada kikanyanyuka ndani ya viganja vyangu, mara moja, kikatulia. Ami hakukiona.

Sasa niambie, baba. Ulikuwa unatoa shahada, au ulikuwa unanikosoa? Nikimwambia mama kwamba ulitoa shahada, atalala usingizi. Lakini sijui, na naogopa kukusemea jambo lililo baina yako na Mola wako. Nikimwambia sijui, nitamvunja kabisa. Tangu adhuhuri nazunguka na hili, hata ugali nimeuunguza. Naiweka kalamu chini.

Nimeishika tena kalamu, baba. Ni Alhamisi, jua linakaribia kuzama, nami bado niko kwa mama.

Tulikaa chumbani, mimi na yeye kitandani, ami nje ya pazia kwa kuwa mama yumo edani. Nikayasema yote kama nilivyoyaona, sikuongeza wala sikupunguza. Nilipofika kwenye kidole nikamwambia, "Lakini mama, ndivyo alivyokuwa akinikemea nikikosea."

Mama akanikatiza. "Ulikuwa umeshika mkono upi?"

"Wa kulia, mama. Ndio uliokuwa na baridi, nilikuwa nausugua."

Nilipokwisha kulitamka ndipo na mimi nikalisikia nililosema. Mama ndiye aliyeuvisha kanzu mkono ule, akaukunja, akaunyosha, akaulaza ubavuni kila siku.

"Mkono ule haukufukuza hata nzi," akasema. "Akikukemea, mwanangu, alikukemea kwa kushoto."

Nje ya pazia ami akauliza lile neno maana yake nini. Nikamwambia ni Ijumaa. Akasema mbona ilikuwa Alhamisi, nikamjibu, "Adhana ilikuwa imeshatoka, ami." Nikamsikia anapenga kamasi.

"Basi ndugu yangu alijua usiku gani umemwingilia," akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, sikujua."

Khitma itasomwa kwake, na ubani atanunua mwenyewe. Tena atamwagiza mkewe arudi bombani akayaeleze na haya, kwa sauti ile ile. Hapo mama alicheka, baba. Alicheka huku analia, kisha akaomba uji, nikampikia, akamaliza bakuli.

Halafu akaniambia nimfundishe hizo siku zako. Mama huyu huyu, aliyekuwa akisema Kijerumani chako ni kikohozi kisicho na dawa. Tumeshinda nazo mchana kutwa. Donnerstag imemkaba pale pale iliponikaba mimi, nami nikamnyima kashata, akanuna. Nimemega yangu tukagawana.

Nakukosa, baba. Nakukosa kila alasiri, saa ile ya kukuuliza.

Nikuahidi jambo moja tu. Maadamu mama yumo edani nitakuja kila jioni nimuulize siku, na jua likizama hatutaiacha iingie bila wa kuipokea. Sasa hivi adhana imetoka. Nimemuuliza, "Leo nini, mama?" Amehesabu kwa vidole, hakukosea.

Lala salama, baba. Ni Freitag.

Mwanao,
Zuhura