Chura Uliyeniletea Kwenye Kofia

Tata, shikamoo.

Najua huitikii tena, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mtoto haanzi maneno na baba yake kabla ya kumwamkia. Ni mimi, binti yako Bhoke. Niko mwaka wa tatu chuoni na nimerudi Nyanungu kwa likizo. Mama hajambo, goti tu linamsumbua. Jana tumepalilia kaburi lako.

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu tukuzike. Niliamini umekufa ukidhani nasomea udaktari wa ng'ombe. Unakumbuka dhahabu ilivyowapanda watu kichwani. Kila aliyebahatika kupata mawe mazuri kwenye machimbo ya Nyakunguru alitafuta mke, na mmoja wao alipoleta posa yangu na ahadi ya ng'ombe wa kujaza zizi, ukoo mzima uliitikia isipokuwa wewe. Ukasimama kikaoni ukasema, "Huyu anaenda chuo. Atarudi kutibu ng'ombe wenu wote." Posa ikarudishwa. Nami sikukusahihisha, maana kwenye fomu nilikuwa nimejaza zuolojia, na niliogopa ukijua utawaachia wanioze.

Juzi baba mdogo Chacha kaniletea ndama anayeharisha. "Haya daktari, kazi hiyo." Niliona aibu, Tata. Nikamwambia ukweli, kwamba sisomei kutibu wanyama, nasomea wanavyoishi, na mimi hasa nasoma vyura. Akanitazama weee. "Vyura," akasema. "Tumeacha ng'ombe wote wale kwa ajili ya vyura." Akaondoka amenuna, kumtafuta bwana mifugo.

Mama alikuwa anapepeta wimbi pale uani. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Ndipo akaniambia kwamba ulijua. Ile fomu uliipeleka kwa mwalimu wangu akakueleza neno kwa neno, ukarudi ukamwambia Mama, "Si ng'ombe, ni vyura na wadudu. Bhoke usimwambie kwamba najua. Yule hawezi kudanganya, atanichomea kikaoni."

Nimelia, halafu nimecheka. Muongo mkubwa wewe.

Wenzako walikuwa wakitoka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, na mawe mfukoni. Wewe ulitoka unakohoa, kofia umeikunja, na ndani kuna kiumbe. Mara jongoo, mara nge aliyekufa, na siku moja chura mdogo mwenye mstari wa njano mgongoni. Ukaniuliza, "Huyu anaitwa nani?" Sikujua. Ukasema, "Basi tafuta." Asante, Tata. Hapo ndipo chuo changu kilipoanzia.

Duara lako limejaa maji siku hizi. Nimekwenda kulitazama na chura wako yumo, na wenzake wengi. Jina lake sijalipata bado. Pumzika. Nikilipata nitakuja kaburini nikuambie wewe kwanza, kabla ya mwalimu wangu yeyote, maana wewe ndiye uliyeuliza.

Binti yako,
Bhoke