Miwani Uliyomvika Baba

Mtaa wa Ngome,
Al-Qusayr.
14 Novemba

Mpendwa Ami Wagdi,

Salamu kwako, kwa mkeo Ikram na kwa mtoto. Natumai baridi ya Milano haijawaumiza vifua. Sisi huku tu wazima wa mwili.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: tangu Idi iliyopita sikupendi. Najua binti hamwandikii ami yake maneno kama haya. Nimejaribu kuandika kwa upole, upole umekataa.

Unaikumbuka siku ile, sebule imejaa wageni? Ulimvua Baba miwani yake kwa mkono wako. "Sabri, mdogo wangu, nahodha mzima unavaa takataka ya sokoni? Watalii watadhani unauza karanga!" Watu wakacheka. Ukamvika uliyoleta, ukaitaja bei mbele ya wote. Baba akakubusu kichwani. Zawadi ya kaka mkubwa haivuliwi, nawe ulilijua hilo.

Baba husimama omo, mbele kabisa ya chombo, akitazama maji, auone mwamba kabla chombo hakijaufikia. Rangi ya maji ndiyo ramani yake. Ile miwani ya sokoni ilikuwa na mikwaruzo, na mkono mmoja wa miwani aliufunga kwa mshipi wa kuvulia, lakini ilikata mng'ao, akaona mpaka chini. Yako ni nyepesi, haikwaruziki, inakaa vizuri puani. Basi. Ni giza tu. Mng'ao unabaki juu ya maji kama bati jipya.

Nilimsikia akimwambia Mama, "Siku hizi bahari imenifungia mlango." Mama akamwambia avae ile ya zamani. "Na Wagdi akisikia?" akajibu.

Baba alikipandisha chombo mwambani asubuhi moja jua likiwa mbele yake, mahali anapopita tangu ujana. Hakuna aliyeumia, ila ubao wa chini ulipasuka, na Hagg Bayoumi, mwenye chombo, akampa mtu mwingine usukani. Nawe ukapiga simu, sote tukikusikia: "Kubali, Sabri, macho yamekwisha. Kaa nyumbani ufuge kuku." Tangu siku hiyo Baba haketi tena na manahodha wenzake kwenye mkahawa.

Macho yake ni mazima, Ami. Kwenye somo la fizikia mwalimu alituonyesha: shika miwani mbele ya kioo cha simu, izungushe polepole. Inayokata mng'ao itafika mahali ikifanye kioo kiwe cheusi. Ya sokoni ilikizima kabisa. Yako niliizungusha mpaka mkono ukachoka, picha ikabaki pale pale. Sisemi kila cha ghali ni kibaya. Zipo za ghali zinazokata mng'ao vizuri kuliko yetu. Wewe hukuuliza. Ulinunua jina lililoandikwa ubavuni.

Nataka umpigie Hagg Bayoumi, umwambie kosa lilikuwa kwenye zawadi yako. Kisha umwombe Baba radhi, sote tukikusikia, kama tulivyokusikia siku ile.

Nisalimie mkeo na Karim mdogo. Bibi Fawqiya anakuombea kila sala. Mungu akuzidishie afya, akupunguzie ulimi.

Ni mimi, binti wa mdogo wako, ninayetaka kukupenda tena,
Mayar

Nyongeza: Sikuweza kukungoja. Leo baada ya shule nimekwenda gatini na miwani zote mbili. Nikampa Hagg Bayoumi ile yako, nikamwonyesha maji.

"Naona jua," akasema. "Kwani kuna nini?"

Nikampa ya Baba. Akainama ukingoni, akatazama maji mpaka chini.

"Na babako kwa nini hakuivua ile nyingine, mwanangu?"

Nikamwambia ni zawadi ya kaka yake mkubwa. Akatikisa kichwa, akaifuta ya Baba kwa kanzu yake, akanirudishia. "Mwambie aje kesho alfajiri. Na aje na hii yenye mshipi."

Nimemwambia Baba. Kisha nimeitia yako katika kifurushi pamoja na barua hii, kesho nitakipeleka posta.