Chupa ya Bwana Otoo

Kaka Bondzie,

Pokea salamu za nyumba nzima. Presha imetulia siku hizi? Wifi Mansa na wanao hawajambo? Sisi tu wazima, ila mimi tangu Jumapili situlii. Naketi kuandika, nainuka, naenda dirishani, narudi. Ukiona mwandiko umekwenda upande, usidhani ni uzee.

Mvua imeanza, mihogo imeshika. Dukani wateja wananitania, eti ukitaka kitambaa cha bure kwa Araba, mvizie akiwa amefika mahali patamu kitabuni. Ugonjwa huo uliniambukiza wewe. Tulipokuwa wadogo, kila Jumamosi tukishapaa samaki ulinisugua mikono kwa limau, maana Madamu Dadzie wa maktaba alitunusa vidole mlangoni, na mwenye harufu ya samaki alirudishwa. Ulimwapia kuwa najua kusoma, kumbe sijui hata herufi moja! Ukaninong'onezea kurasa hadi nikajua.

Uliponipigia simu kwamba umemkubalia Bwana Otoo ajenge maduka pale maktaba ilipo, niliitikia tu. Kiwanja ni cha ukoo, na mkuu wa ukoo ni wewe. Ulisema vitabu vimechakaa, watoto siku hizi wana simu. Bwana Otoo akaleta chupa yake ya pombe, nikaambiwa niitunze hadi uje Pasaka uifungue, uwamwagie mababu, ardhi iwe imekwenda. Niliiweka chini ya kitanda, na usingizi ukanihama.

Jumamosi nilikwenda kuiaga maktaba. Mabenchi yalijaa, watoto wanasoma wawili wawili kitabu kimoja. Binti mmoja alikuwa akimfokea nduguye, “We, usifunue kwanza! Fisi bado hajaanguka!” Nduguye akamwambia asome haraka, asimcheleweshee fisi wake. Nilicheka, kisha nikaona uchungu mkubwa, nikaondoka bila kuaga.

Basi nisikufiche, Kaka. Jumapili baada ya ibada niliichukua ile chupa, haijafunguliwa, nikampelekea Bwana Otoo kwake. Alikuwa na wageni wake wamejaa uani. Nikamwambia mbele yao kwamba ukoo wetu umekikataa kinywaji chake. Akauliza nani kanituma. Nikasema mkuu wa ukoo. Alinitazama sana, halafu akaipokea.

Unajua mila zetu. Kinywaji kikisharudishwa na kupokewa mbele za watu, anayekwenda kukiomba tena anajivua nguo. Na sasa mji mzima unakusifu. Wazazi wananisimamisha njiani, wanasema Bondzie ndiye mwanamume, anawajali watoto wetu. Wameniomba nikufikishie shukrani zao, nami ndizo hizi nazifikisha. Ukitaka kunikana, nakuogopa lakini sikuzuii: njoo Pasaka, simama mbele yao, useme hukunituma.

Msalimie sana Wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Hasira zako njoo nazo mwenyewe, usizitume kwa simu.

Dada yako akupendaye,
Araba Nyarkoa