Makoti Mekundu ya Fontenoy

Dada Mwajuma wangu,

Salamu kutoka Dubai, ambako joto limefanya hata maji ya bomba yaunguze mikono.

Jana nilikuwa nafuta vumbi kwenye picha kubwa ya vita, ukumbini hapa hotelini kwetu. Mgeni mmoja, mzee wa Kifaransa, akanieleza kuwa ni vita vya Fontenoy, zamani sana, jeshi la mfalme wa Ufaransa na la mfalme wa Uingereza. Askari walisimama safu kwa safu, karibu kiasi cha kuonana macho, wakipigana risasi. Mfalme wa Ufaransa na mwanawe walitazama kwa mbali.

Okello, Mganda anayelinda mlango wetu, akauliza, "Na hawa wa makoti mekundu upande wa Wafaransa?"

"Watu wa Ayalandi," mzee akajibu. "Wageni, wanampigania mfalme asiye wao."

Okello akatoa simu mfukoni. Kumbe wakala mmoja amemtafutia kazi ya kwenda kupigana vita huko Ulaya, na leo ndiyo alikuwa atie saini! Akampigia wakala huyo palepale: "Khalas, yamekwisha, mimi siendi."

Nibusie watoto, mmoja mmoja, mpaka wakukimbie.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura