Jicho la Gaudensi

Jumamosi, 2 Juni 2007

Boksi la kaka Gaudensi limefika na basi kutoka Dar. Kompyuta ya zamani, kamera mbili, waya wa kuzungusha nyumba nzima, na CD moja imeviringishwa kwenye gazeti. Barua mistari minne: Coleta, funga moja sebuleni na moja getini, unganisha na kompyuta, itarekodi, utaona Mama anatoka saa ngapi na anaelekea wapi. Kama vile ananiambia nichemshe maji!

Asante kaka. Miaka tisa hujakanyaga Sumbawanga, lakini maboksi unajua kutuma.

Naandika hapa kwa nini nahangaika, nisije nikasahau. Mwezi uliopita Mama alipotea siku mbili. Alikutwa Laela, njia ya Dar, kituo cha mabasi, amekaa juu ya magunia ya mahindi ya watu, anamsubiri Gaudensi ashuke. Kanga moja mabegani na baridi hii! Aliyemkuta ni jirani yetu Malimi, alikuwa amekwenda kuuza mahindi. Akamrudisha. Daktari kasema wazi: akilala nje tena, kifua hakitastahimili.

Jumatatu, 4 Juni

Kazini. Nimepiga chapa mitihani ya kidato cha pili huku roho iko nyumbani Izia. Mama peke yake mpaka saa tisa. Kufunga geti nilishajaribu — alipiga kelele mchana kutwa, na jirani Monika akanisema mbele ya jumuiya nzima ya kanisa kwamba namfungia mzazi kama mbuzi. Basi sifungi.

Jumanne, 5 Juni

Zenon amekuja, yule fundi wa kompyuta wa Chanji. Kazi ndogo hiyo dada, akasema. Ametoboa ukuta mara tano, matundu mawili hayana kazi yoyote. Kamera moja juu ya kabati la vyombo sebuleni, ya pili chini ya paa, inatazama geti. Kompyuta chumbani kwangu, nalala na mashine sasa. Tukachomeka umeme, kwenye kila kamera ikawaka taa ndogo nyekundu. Nikapiga makofi!

Kwenye skrini: weusi. Na maneno ya Kiingereza, hakuna video. Zenon akachomoa, akachomeka, akapuliza. Hakuna video. Saa kumi na mbili akaondoka, anasema atafikiria.

Jumatano, 6 Juni

Gaudensi kapiga. Nikampa Mama simu. Sauti ya kaka inatoka mpaka nje ya simu, nikasikia mwenyewe: Mama, hizo kamera zikishafungwa nitakuwa nakuona kila siku.

Mama akanirudishia simu taratibu. Akalitazama kabati. Akaniuliza, "Ananiona kwa hilo jicho?"

Nilikuwa napepeta mchele. Nikasema ndiyo. Neno moja tu, kwa uvivu wa kueleza.

Jumamosi, 9 Juni

Zenon tena. Kumbe ile kadi ya kuchomekea waya ndani ya kompyuta ilikuwa haijakaa sawa, imelegea njiani. Ameikaza. Sasa programu inafunguka, lakini inadai namba ya siri, bila namba haionyeshi picha wala hairekodi. Namba iko wapi? Kwenye kasha la CD. Kasha liko wapi? Gaudensi alilitupa, akaiviringisha CD kwenye gazeti! Nimemtumia ujumbe.

Nikamuuliza Zenon, je kaka yangu ataonaje akiwa Dar? Akacheka. "Dada, picha inaishia humu ndani ya kompyuta. Dar haifiki bila mtandao." Mtandao. Izia! Hapa hata mtandao wa maji hauna maji.

Sijamwambia Mama.

Jumapili, 10 Juni

Jambo la ajabu. Siku nne Mama hajatoka nje ya geti. Anaamka, anaoga, anavaa kitenge cha Wawata, wanawake wa kanisa, kama anakwenda misa, anakaa mbele ya kabati. Leo ilikuwa misa kweli na hakutaka kwenda. Eti Gaudensi atakuta kiti kitupu.

Alhamisi, 14 Juni

Namba bado. Ujumbe wa pili nimetuma.

Mama sasa hali chakula kabla hajakiinua mbele ya kabati. Ugali wa ulezi na samaki wa migebuka. "Ona baba, nakula." Jana alinisengenya kwa kamera nikiwa papo hapo — eti Coleta siku hizi anaweka chumvi nyingi, na mume hajapata mpaka leo. Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikalia, sijui kwa nini.

Kamera isiyoona kitu imefanya kazi ambayo mimi, daktari na sala za novena mbili tumeshindwa. Nafurahi. Naona aibu pia. Nikimwambia ukweli, kesho yuko Laela. Nisipomwambia, namdanganya mama yangu mzazi kila siku, Jumapili hadi Jumapili.

Jumamosi, 23 Juni

Namba imekuja! Ujumbe wa tano! Zenon akaichapa herufi kwa herufi, mimi nikimsomea. Ikakubali. Skrini ikagawanyika madirisha mawili. La kwanza sebule, la pili geti. Mama yetu huyo, mdogo, kijivujivu, kakaa kwenye kiti! Nikashika mdomo.

Hakuna sauti, kamera hizi ni za picha tu. Inarekodi pale tu kitu kinapotikisika. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta itajiwasha yenyewe, Zenon kaipanga hivyo. Ila tarehe inajirudisha 1 Januari 2002, betri yake ndogo imekufa. Basi humo ndani ni mwaka mpya! Wa kwanza kurekodiwa getini ni jogoo la Malimi.

Jumatatu, 25 Juni

Nimerudi kutoka kazini, nikafunga mlango wa chumba, nikatazama siku ya Mama.

Afadhali nisingetazama. Nilidhani nisipokuwepo anakaa tu. Anaongea! Tangu asubuhi. Anainama kidogo, anapiga makofi yale ya heshima, anasema neno, anatulia. Anasubiri. Kichwa kakiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza mlango. Halafu anarudia. Nikapeleka mbele saa nzima, bado anasubiri. Mchana kaileta picha ya Gaudensi ya kipaimara, kaiinua kwenye kamera, mkono ukachoka, akaubadilisha.

Wakati wa kula nikamuuliza, huwa unamwambia nini?

"Namwuliza anakuja lini. Hajibu." Akatafuna. "Labda wewe umemkataza."

Jumatano, 27 Juni

Nimempigia Gaudensi nikamwaga yote. Njoo, hata siku mbili. Au piga kila jioni, uongee naye. Akanijibu, si umesema hatoki tena? Basi kamera zimefanya kazi. Tutaongea, niko na watu.

Yuko na watu! Mimi niko na nani?

Jumatatu, 2 Julai

Simu yake haipatikani tangu Ijumaa. Labda kabadilisha laini. Ndiyo tabia yake.

Jumatano, 4 Julai

Nyumba imejaa watu. Naandika hivyo hivyo.

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, mji mzima. Kazini tukafurahi, hakuna kupiga chapa. Sikukumbuka zile taa nyekundu. Sikukumbuka kabisa!

Nimefika nyumbani saa tisa na nusu, nakuta mikeka uani. Wanawake wa jumuiya wamejaa, moto umekokwa, sufuria kubwa ya Monika iko juu ya mafiga. Ndani Mama yuko sakafuni, kichwa wazi, kanga kaifunga kiunoni. Sauti imekauka. Aliponiona akanyoosha kidole kwenye kabati.

"Gaudensi amefumba macho."

Monika alisikia kilio akaja. Kilio hakiulizwi hati. Wakaja na wengine, na unga, na maharage. Malimi kaleta kuni mkokoteni mzima na ng'ombe wake wawili, kasimama kando kofia mkononi. Nikapiga kelele: hajafa! Ni umeme! Ni taa tu! Monika akanikumbatia kwa nguvu, akasema lia mwanangu, usijikaze, ukijikaza utaugua. Kadiri ninavyoeleza ndivyo wanavyonionea huruma.

Nikapiga simu mbele yao wote, waisikie sauti yake, yaishe. Haipatikani. Nikapiga tena. Malimi kwa upole akauliza, mara ya mwisho mmeongea lini? Nikasema Jumatano iliyopita. Na hapo mimi mwenyewe nikaanza kuogopa. Je, kama amekufa kweli?

Alhamisi, 5 Julai

Umeme bado. Katekista Leonidas kaja na daftari. Anauliza mwili unakuja na basi gani, misa tupange lini. Sijui. Kila swali najibu sijui, na yeye anaandika.

Mama anataka kwenda Laela kupokea jeneza. Wanawake wawili wameketi mlangoni kumzuia. Angalau. Watu arobaini wananisaidia kumlinda, kwa sababu ya uongo wangu wa neno moja! Nimemwomba Mungu umeme urudi. Halafu nimemwomba simu iite. Sijui kipi nimekiomba zaidi, nina hofu na vyote viwili.

Ijumaa, 6 Julai

Umeme umerudi saa nane mchana.

Mama aliona wa kwanza. Alisimama bila kushikwa mkono, yule aliyekuwa ananyweshwa uji na kijiko. "Amefumbua!" Wakaingia wote sebuleni, waliokuwa jikoni na waliokuwa uani. Siku mbili Mama amewaeleza kwamba Gaudensi anaona kwa hilo jicho. Monika kapiga magoti. Mimi nikakimbilia chumbani, kwa akili gani sijui, labda nichomoe waya, labda nijifiche. Kompyuta ilikuwa imekwisha kujiwasha. Mwaka mpya, 2002. Dirisha la kwanza limejaa nyuso. Watu wote wa jumuiya, na Leonidas na daftari lake, wananitazama mimi.

Mama mbele. Akainama, akapiga makofi. Safari hii nilimsikia, kupitia yale matundu ya Zenon yasiyo na kazi.

"Gaudensi, baba. Watu hawa wamelala chini kwa ajili yako. Waambie. Unakuja kesho?"

Nilitaka kutoka niseme yote, naapa, nilishashika kitasa. Umeme ukapepesa. Mara moja tu, kama unavyofanya siku zote ukirudi. Skrini ikacheza, taa ya kamera ikazimika, ikawaka.

"Amekubali!"

Vigelegele hivyo! Jumuiya nzima! Leonidas kafuta kitu kwenye daftari. Malimi anasema kesho Saba Saba, hakuna kazi, mkokoteni utatufikisha stendi, alfajiri tunampeleka mama Laela akampokee mwanawe. Wote wanakwenda. Monika kanigongea mlango: Coleta, toka, mbona unajificha na furaha imefika? Uji wa msiba wanaugeuza uji wa mgeni.

Nimepiga mara kumi na moja. Haipatikani.

Kwenye dirisha la kwanza kiti ni kitupu. Mama yuko kwenye la pili, getini, na ufagio. Amevaa kitenge cha Wawata. Anafagia njia anakopita mgeni, anainuka, anatazama barabara, anafagia tena, na kompyuta inarekodi.